Njia Isiyo na Magari, na Nani Anaipita

Siku ya mechi ya watani, nusu ya jiji hili hujiita Wekundu wa Msimbazi na nusu nyingine Watoto wa Jangwani. Majina hayo yaliingia kwenye mpira kupitia mitaa ya Kariakoo na jirani zake, lakini bonde lilikuwapo kabla ya mitaa. Naishi Chang'ombe, karibu na uwanja unaopigiwa kelele hizo. Nimewahi kuwaza kwamba hakuna mto wa Tanzania unaotajwa kwa sauti kubwa kuliko Msimbazi, wala unaotazamwa kidogo kuliko huo. Tunauona tukiwa ndani ya basi, masika, maji yakiwa yamefunga barabara. Hapo ndipo jina Jangwani linapogeuka mzaha.

Sasa bonde hilo linaandikwa upya. Nataka kusoma aina mbili za maandishi ambazo kwa kawaida hakuna anayezihakiki. Ya kwanza ni vitabu vya kuongoza waendesha baiskeli kwenye njia zisizo na magari. Ya pili ni mipango ya mji. Zote mbili huahidi njia. Swali langu kwa zote ni moja: nani anapita humo?

Tuanze na mabingwa wa aina ya kwanza. La Loire à Vélo, nchini Ufaransa, ni njia ya kilomita 900 hivi, kutoka Cuffy hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye Bahari ya Atlantiki. Sehemu kubwa ya bonde hilo, kati ya Sully-sur-Loire na Chalonnes, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Vitabu na ramani zake nimevisoma kama mtu anavyosoma mapishi ya nchi asiyowahi kufika, na nakiri vina ufundi wa kuonea wivu. Vinakwambia hapa ni lami, hapa ni kokoto. Vinakwambia kilomita ngapi hadi kijiji kinachofuata, wapi utapata maji, wapi utalazimika kuchangia barabara na magari machache, stesheni ipi ina treni inayopokea baiskeli. Maandishi ya namna hii hayawezi kudanganya kwa muda mrefu, kwa sababu msomaji anayahakiki kwa miguu yake mwenyewe. Mwandishi akisema tambarare na kumbe ni mlima, mapaja yatatoa hukumu kabla ya jioni.

Lakini vina upofu wao. Sehemu ndefu za njia ile hupita juu ya matuta ya kuzuia mafuriko, ambayo yalianza kujengwa katika karne ya 12. Kwa mamia ya miaka mto ule ulikuwa barabara ya mizigo, hadi reli ya karne ya 19 ilipowanyang'anya mabaharia wake kazi. Utulivu anaouzwa mtalii leo, kwa maneno mengine, ulitengenezwa na watu waliobeba udongo na watu waliopoteza kazi. Mara nyingi kitabu cha njia kitakuonyesha kasri na mvinyo, na tuta kitalitaja kama mahali pazuri pa kusimama na kutazama maji. Msomaji wake daima ni mtu aliye likizo. Ana wiki nzima, ana baiskeli nyepesi, na hana mzigo wa mtu mwingine kwenye keria.

Tuje kwetu. Mto Msimbazi unatokea kwenye vilima vya Pugu, unashuka ukipita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mpango mkuu wa mji wa 1979 uliliweka bonde katika ardhi ya hatari isiyofaa kujengwa. Watu walijenga, kwa sababu ndipo palipopatikana karibu na kazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na waathirika wengi wakapelekwa Mabwepande. Mwaka 2018 wataalamu, viongozi na wakazi walikaa vikao mfululizo kulichora bonde upya, na uliozaliwa humo ukaitwa kwa Kiingereza mpango wa fursa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi huo: kupanua na kuchimba mto, kuinua ardhi pembeni, kujenga upya daraja la Jangwani, na kufanya sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya mji.

Angalia nomino mbili zinazotawala maandishi hayo. Mwaka 1979 bonde lilikuwa hatari. Baada ya miaka 40 limekuwa fursa. Ardhi ni ileile na maji ni yaleyale. Sisemi mpango wa sasa ni mbaya. Mtu aliyewahi kuona godoro la jirani likielea hawezi kudharau mpango wa kuzuia maji. Nasema tu kwamba nomino zote mbili zinatazama bonde kutoka juu. Hatari huogopwa na fursa hutumiwa, na katikati yake hakuna kitenzi cha mtu wa kawaida: kupita, kusukuma, kuwahi, kufikisha. Maelfu ya waliohamishwa kupisha mradi wanatajwa katika sura za fidia. Ukurasa wa kusema watapitaje wakirudi kufanya kazi mjini haupewi uzito kama ule wa ekari.

Na hatuna haja ya kubahatisha jinsi ahadi ya njia inavyoweza kuharibika, kwa sababu tunayo moja ya zege. Mwendokasi ulianza kubeba abiria Mei 2016 kwenye mtandao wa kilomita 20.9, mhimili wake ukiwa Barabara ya Morogoro. Pembeni yake ziliwekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, na kwa haki, kwani wachache walikuwa wamejenga kitu cha namna hiyo katika eneo hili. Lakini isome njia hiyo ya baiskeli kama unavyosoma sentensi. Inaanza vizuri. Katikati anaingia bodaboda anayekwepa foleni. Mbele kidogo pameegeshwa gari. Kisha kuna meza ya miwani na chaja za simu, na mwenye meza naye anatafuta riziki. Ukifika kwenye makutano, sentensi inakatika bila nukta. Upana ulikuwapo kwenye mchoro. Kilichokosekana ni mtu wa kuulinda na sehemu nyingine ya kumpeleka machinga.

Mjomba wangu alisambaza mikate kwa baiskeli kwa miaka mingi, kutoka Chang'ombe kwenda Keko, Tandika na Mtoni. Kasha lilikuwa kubwa kuliko yeye. Hakuwahi kusema barabara ni nzuri au mbaya kwa sababu ya mandhari. Alizipanga kwa kipimo kimoja: mikate inafika imepondeka au haijapondeka. Alijua kila mahali pa kushuka na kusukuma, kila mtaro usio na mfuniko, kila kona ambapo dereva wa daladala hatoi nafasi. Maarifa hayo yangejaza kitabu sawa na vile vya Loire. Hayakuandikwa popote kwa sababu aliyekuwa nayo hakuhesabika kuwa mwendesha baiskeli. Alihesabika kuwa mtu ambaye bado hajanunua pikipiki.

Hapo ndipo naona kasoro kubwa ya aina zote mbili za maandishi. Vitabu vya njia vina usahihi lakini vinamsahau mfanyakazi. Mipango yetu inawajua wafanyakazi kama idadi ya kaya, lakini haina usahihi wa njia. Kitabu kizuri cha bonde la Msimbazi kingechukua upande mmoja kutoka kila aina. Kingesema kutoka Vingunguti, ambako machinjio iko jirani na mto, hadi Jangwani ni kilomita ngapi na uso wake ukoje. Kingesema ni miezi gani ya masika njia inafungwa, na mtu apite wapi badala yake. Kingetaja bustani za mchicha na wakulima wake. Kingesema taa zinawaka saa ngapi, kwa sababu anayeuza mayai hatoki nyumbani saa tatu. Na kingejibu swali dogo linaloamua yote: mlinzi wa getini atamruhusu mwenye guta apite?

Kuna pingamizi la kweli hapa. Mtu anaweza kusema mbeba mkaa hahitaji bustani, anahitaji barabara kuu, kwa kuwa huko ndiko wateja waliko. Kundi la wapanda baiskeli la Dar es Salaam, UWABA, limekuwa likidai njia salama za baiskeli barabarani, na dai hilo halipaswi kubadilishwa kwa mti na benchi. Nakubali. Lakini tazama ramani. Barabara zetu kuu, Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, zinatoka katikati ya mji kama vidole, na ndizo zinazobeba malori. Bonde la Msimbazi limelala kati ya vidole viwili, Nyerere na Morogoro, likishuka kutoka Pugu hadi baharini. Ni kidole cha tano, ambacho hakina lori hata moja. Ikiwa njia itakayopita humo itaunganishwa na Kigogo, Tabata na Vingunguti, na si kuzunguka bustani tu na kurudi ilipoanzia, itamwokoa mtu saa nzima na pengine uhai wake. Kama itazunguka tu, itakuwa kiwanja cha mazoezi cha watu waliofika kwa gari.

Kwa hiyo neno "bila magari" lisitushibishe. Barabara inaweza kukosa magari kwa sababu imelindwa kwa ajili ya wapitao, au kwa sababu wapitao wenyewe wameondolewa. Michoro ya aina zote mbili hufanana sana: kijani, kivuli, mto uliotulia. Kinachoitofautisha ni mzigo. Siku njia ya Msimbazi itakapofunguliwa, uhakiki wake wa kwanza usifanywe na mpiga picha wala mgeni rasmi. Ufanywe saa kumi na mbili asubuhi na mtu mwenye kasha la mikate. Akivuka hadi upande wa pili bila kushuka, na mikate yake ikafika mizima, tutakuwa tumeandika njia.