Mlango Uliofanywa Meza

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wadhifa katika hoteli moja ya Mji Mkongwe wa Unguja, alinialika nikaone ukumbi wao mpya wa wageni. Alinipokea kwa shikamoo ile ile ya darasani, akanikalisha, akaagiza kahawa. Kahawa ilipoletwa ndipo nilipotambua kwamba kikombe changu kimewekwa juu ya mlango.

Ulikuwa ubao mmoja wa mlango wa nakshi, umelazwa chali juu ya miguu minne ya chuma na kufunikwa kioo. Mwenyeji wangu akauliza, "Mwalimu, waonaje?" Nikajibu, "Pazuri, mwanangu." Sikusema kweli, na ukweli huo ndio ninaotaka kuuandika hapa.

Tuanze na haki yake. Ukumbi ule haukuwa mbaya. Dari ya boriti za mikoko iliachwa ilivyo. Msomaji atakumbuka kwamba vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti haina urefu wa kutosha kuvuka zaidi ya mita tatu au pungufu. Msanifu hakubomoa ukuta ili apate ukumbi mpana, bali alitengeneza makochi marefu, membamba, yakakifuata chumba. Zidaka za ukutani zilitiwa taa ndogo zisizoonekana, na vitu vilivyomo vikapata kivuli na kina. Chini palitandikwa mikeka ya ukindu usiotiwa rangi, mipana kuliko ile ya mama zetu, lakini ukili ni ule ule. Hapo ya kale na ya kisasa yalikutana kwa heshima, kila moja likimsaidia mwenzake.

Basi kwa nini mlango uniudhi? Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa kazi za mikono alitufundisha kwamba kitu kabla hakijasifiwa kiulizwe kwanza kinafanya kazi gani. Mlango wa Unguja una kazi nyingi. Mfaa wa katikati hufunika mwanya wa mbao mbili. Miimo huchongwa aghalabu kuanzia samaki chini, kisha majani na maua yakipanda, na mnyororo ukiuzunguka mlango, ambao wengi husema ni ulinzi wa nyumba. Kizingiti cha juu mara nyingi huwa na maandishi na mwaka. Mlango husomwa ukiwa umesimama, kama ukurasa. Ukiulaza chali, nani atausoma?

Hata hivyo, nilipofika nyumbani nilijipinga mwenyewe. Ile misumari ya shaba yenye ncha, tunayojivunia, asili yake ni Bara Hindi, ambako husimuliwa kuwa iliwekwa kuwazuia tembo wasivunje malango. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hapakuwa na tembo wa kuzuiwa. Msumari uliacha kazi yake ukawa pambo, na hakuna aliyelia. Tena Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilichanganya nguzo za chuma, taa za umeme na milango mikubwa ya nakshi, na watu wakaliita nyumba ya maajabu. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba kuchanganya ni kosa, wala kwamba kitu kikibadilishwa kazi kimekufa. Mkufunzi wangu, Mungu amrehemu, hakumaliza somo.

Tofauti nimeiona mahali pengine. Msumari wa shaba ulipohamia kwetu, fundi alipata kazi, na mwenye nyumba alipata mlango. Meza ile ilipotengenezwa, nyumba fulani ilibaki na tundu.

Nalijua tundu hilo. Miaka ya 1980 niliuza mlango wa nyumba ya bibi yangu. Paa lilikuwa linavuja, mshahara wa mwalimu hautoshi, na mnunuzi alikuja na fedha mkononi. Nikanunua mabati, nikatia mlango wa mbao nyepesi. Bibi alikuwa hai. Hakunilaumu, ila aliacha kukaa barazani jioni, akasema pale sasa si pake. Mlango wetu ulikosa msumari mmoja upande wa kulia, wa tatu kutoka chini. Siku ile hotelini, mwenyeji wangu alipokwenda kupokea simu, niliinama nikahesabu misumari chini ya kioo. Yote ilikuwepo. Nikashukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru, maana ulikuwa mlango wa bibi ya mtu mwingine.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa kijana mmoja seremala anayechonga nakshi. Mkono wake ni mwepesi na patasi yake haikosei. Aliniambia kwamba wateja wengi hutaka mlango mpya uonekane wa kale, hivyo akishamaliza kuchonga huusugua, huupiga, huuchoma kidogo, mpaka ufanane na wa karne iliyopita. Hilo liliniuma kuliko meza. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Sisi tunataka viele, lakini aliyeviunda ajifiche.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mapambo ya kisasa yanayochukua kazi ya wafu pekee yanakula akiba, na akiba huisha. Yanayomwagizia kazi fundi aliye hai, kwa ukuta wa zege na dirisha la alumini kama yalivyo ya kwangu, yanapanda mbegu. Mwenye hoteli angeweza kuagiza meza ichongwe iwe meza tangu mwanzo, na sote tungeinywea kahawa kwa raha.

Nami sikutaka kuhubiri bila kutenda. Nilimwagizia kijana yule kizingiti kimoja tu cha juu, kwa mlango wangu wa kawaida, kwani kiinua mgongo hakina miguu mirefu. Aliniuliza aandike mwaka gani, akadhani nitataja wa enzi za masultani. Nikamwambia aandike mwaka huu, na pembeni, kwa herufi ndogo, jina lake.