Gungu si "aina ya ngoma" tu

Msomaji akikutana na neno gungu, kamusi humwambia ni aina ya ngoma ya zamani. Basi, imekwisha! Mimi siridhiki, hasa hapa Mji wa Kale, ambako ngoma huchezewa watalii bila kisa chake.

Hebu turudi kwenye Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo yumo kifungoni, anangoja kuuawa. Mamake amempelekea mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi wameudharau (nani ale wishwa?), kumbe ndani mna tupa. Sasa chuma kitakerezwaje kisisikike? Kwa gungu aliloliomba mwenyewe. Watu wanaimba, ala zinalia, naye huko ndani anakata pingu.

Utamu wa utenzi uko hapo: wachezaji ndio wanaomficha, nao hawana habari. Wangapi kati ya wanaolifundisha neno hili humweleza mwanafunzi kwamba mtu aliyehukumiwa kufa hakuomba msamaha, bali aliomba ngoma?