Programu Mpya, Wagonjwa Walewale: Uhakiki wa Kuhuishwa kwa Modeli ya UKPDS

Kuhuisha programu ya kompyuta aghalabu huchukuliwa kuwa kazi ya mafundi: msimbo huandikwa upya na kasi huongezeka. Kwa programu zinazokadiria athari za magonjwa sugu, mtazamo huo hautoshi, kwani kila mlinganyo uliomo ni dai kuhusu maisha ya watu. Modeli ya UKPDS, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Oxford kutokana na utafiti wa Uingereza kuhusu kisukari cha aina ya pili, inadhihirisha hoja hiyo.

Toleo la kwanza lilichapishwa mwaka 2004 kwa taarifa za wagonjwa 3,642. Lilikadiria, mwaka hadi mwaka, uwezekano wa mgonjwa kupata mshtuko wa moyo, kiharusi, upofu, kushindwa kwa figo au kukatwa kiungo, pamoja na muda atakaoishi. Toleo la pili, la mwaka 2013, lilitumia wagonjwa wote 5,102 wa utafiti huo, likajumuisha miaka ya ufuatiliaji baada ya jaribio kwisha, na likaongeza kidonda cha mguu na matukio yanayojirudia. Hatua hiyo inastahili sifa. Mgonjwa aliyekwisha kupata kiharusi hahesabiwi tena kana kwamba cha pili hakiwezi kumfika.

Hata hivyo, nyumba njema si mlango. Ndani ya matoleo yote mawili wamo watu walewale: wagonjwa waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari, walioandikishwa Uingereza kati ya mwaka 1977 na 1991, wengi wao Wazungu. Wakati huo dawa za statini zilikuwa hazijaenea. Kwa sababu hiyo, modeli inaweza kutabiri mishtuko ya moyo mingi kuliko inayowapata wagonjwa wanaotibiwa leo. Dosari hiyo haiondolewi kwa kuandika msimbo upya.

Athari zake ni nzito. Makadirio ya aina hii hutumika kuamua iwapo dawa inastahili gharama yake. Hatari ya awali ikikuzwa, manufaa ya dawa nayo hukuzwa, na fedha huenda kusikostahili. Ugumu huzidi modeli inapohamishiwa Dar es Salaam au Nairobi. Milinganyo yake inawatambua watu weusi wenye asili ya Karibiani waliokuwa Uingereza. Kuwafanya wawakilishi wa wagonjwa wa Afrika Mashariki ni kukisia.

Uhuishaji kamili, basi, una ngazi tatu: msimbo, milinganyo na watu. Toleo la pili lilifaulu katika ngazi ya milinganyo. Ngazi ya tatu inadai kufuatilia wagonjwa wa sasa, mahali palepale programu itakapotumika. Pasipo hilo, programu iliyohuishwa itatoa kwa kasi zaidi majibu yanayowahusu wagonjwa wa zama zilizopita, huku bajeti ikipangwa kwa ajili ya walio hai leo.