Neno "Kind" na Mzigo wa Mfasiri

Mwanafunzi akiulizwa maana ya neno la Kiingereza "kind", hujibu "aina", au hujibu "-ema". Majibu yote mawili ni sahihi, nasi humpa alama zake. Kosa letu walimu ni kuziacha maana hizo zikae mbalimbali, kana kwamba zimekutana njiani kwa bahati. Asili yake ni moja: neno hili lina udugu na "kin", yaani jamaa. Mwema ni yule atutendeaye kama jamaa yetu.

Tuitazame tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1600, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Shylock, Myahudi, anakubali kumkopesha Antonio dukati 3,000 kwa miezi mitatu bila riba. Rehani ni ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Antonio, ambaye zamani alimtemea mate, anafurahi na kusema kwamba Myahudi huyu atageuka Mkristo, kwani amekuwa "kind". Tukifasiri "amekuwa mwema", tumepata nusu tu. Nusu ya pili ndiyo yenye sumu: amekuwa wa aina yetu, kana kwamba wema ni mali ya kundi moja.

Je, Kiswahili hakina neno la kuubeba mzigo huo? Wako wasemao hivyo, sisi hatukubali. Tunalo neno "utu". Tukisema fulani hana utu, hatumtoi katika jamii ya wanadamu; twasema hana huruma. Lugha za jirani zinatuunga mkono: katika Kinyarwanda na Kirundi "ubuntu" ni ukarimu, na Waganda wana "obuntubulamu".

Hata hivyo, "utu" haumfai Antonio. "Kind" lilianzia katika ukoo. "Utu" unaanzia kwa mtu yeyote. Tukimtia Antonio neno hilo kinywani, tutampa upana wa moyo asiokuwa nao. Sisi tungependelea "amekuwa mwenzetu": lina tabasamu, na lina ua nyuma yake.

Basi tusiwafundishe wanafunzi kuuliza tu neno lina maana gani. Waulize pia nani analisema, na nani ameachwa nje. Katika nchi zetu twaijua gharama ya wema unaokomea mpakani mwa ukoo.