Shule ya Mahaba katika Msitu wa Arden

Komedia ya mapenzi, yaani tamthilia ya kuchekesha ambayo vijana wake hupita katika vikwazo vya kila namna kabla ya kufika kwenye ndoa, kwa kawaida humtaka mtazamaji ahofie baba mkali au hasimu mwenye hila. William Shakespeare aliwatumia wote hao, lakini katika komedia zake bora kikwazo kinachokawia zaidi kuondoka ni ubichi wa mwenye kupenda.

Tamthilia ya As You Like It, inayokadiriwa kuandikwa mwaka 1599 kutokana na hadithi ya Thomas Lodge iliyochapishwa mwaka 1590, ndiyo inayouonyesha ufundi huo vizuri zaidi. Orlando, kijana aliyenyimwa elimu na kaka yake, anampenda Rosalind siku ile ile wanapoonana kwenye mieleka, na anapopaswa kusema neno ulimi unamganda. Baadaye, akiwa mkimbizi katika msitu wa Arden, anafunguka kupita kiasi, akawa anatundika mashairi mitini na kuchonga jina la binti huyo kwenye magome. Mashairi yenyewe ni mabovu, na ubovu huo ni wa makusudi: kila kina kinavutwa kwa nguvu kilandane na jina moja, kasoro ambayo msomaji aliyelelewa na vina na mizani hahitaji kuelezwa. Bingwa wa kutunga kulitunga shairi baya kwa ustadi, kisha kumwachia mchekeshaji Touchstone alikejeli papo hapo, si kazi ndogo.

Rosalind, ambaye naye amefukuzwa na kujificha katika mavazi ya kiume kwa jina la Ganymede, anajitolea kumponya Orlando ugonjwa wake kwa sharti kwamba aje kibandani kwake kila siku na kumbembeleza kana kwamba yeye ndiye Rosalind. Katika kumbi za London za wakati huo nafasi za wanawake zilishikwa na wavulana, hivyo watazamaji walimwona mvulana akiigiza msichana anayejifanya mvulana anayejifanya msichana. Mzaha huo una kazi yake, kwa kuwa Orlando, akidhani anapiga soga na kijana mwenzake, anayasikia mambo ambayo mchumba hasemi mbele ya mposaji: kwamba waume hupoa baada ya harusi na wake nao hubadilika. Anapochelewa karibu saa nzima, anaambiwa kwamba afadhali kuposwa na konokono, ambaye walau huja na nyumba yake.

Hata hivyo mwalimu mwenyewe hajahitimu. Orlando anajeruhiwa na simba jike akimwokoa kaka yule yule aliyetaka kumwua, na badala ya shairi anatuma leso yenye damu. Rosalind anaiona, anazimia, kisha anadai alikuwa akiigiza tu. Muda si mrefu Orlando anakiri kwamba hawezi tena kuishi kwa kuwaza, na hapo Shakespeare anaufunga mchezo bila kuurefusha.

Wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu ufundi wa namna hii kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, ambamo Portia anavaa joho la mwanasheria na kutumia pete kumfunza mumewe Bassanio uzito wa ahadi.

Ujasiri mkubwa kuliko wote, hata hivyo, umo katika Love's Labour's Lost, iliyochapishwa mwaka 1598. Wanaume wanne walioapa kusoma miaka mitatu bila kuwatazama wanawake wanavunja kiapo mara wanawake wanne wanapowasili, na kila kitu kinaelekea harusini hadi mjumbe anapoleta habari kwamba baba wa Binti Mfalme wa Ufaransa amefariki. Harusi zinaahirishwa mwaka mzima, na Berowne, hodari wa maneno kuliko wenzake, anaagizwa autumie mwaka huo kuwachekesha wagonjwa walio taabani. Naye analalamika kwamba muda huo ni mrefu mno kwa tamthilia. Tamthilia inakwisha, na hakuna aliyeoa.