Nani Anamlisha Nani? Uhakiki wa Fedha za Michezo katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Kila yanapozungumzwa matumizi ya fedha za vyuo vikuu, swali huulizwa hivi: sehemu gani iende kwenye michezo, na sehemu gani iende kwenye masomo? Swali hili ni halali, lakini likiachwa hapo halifiki kwenye mzizi. Fedha hazijigawi zenyewe. Hugawiwa na watu, kwa manufaa ya watu fulani, kutokana na jasho la watu fulani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza zigawiwe vipi, yatupasa tuulize zinatoka wapi, nani anazitolea jasho, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Tumechagua kuliangalia jambo hili Marekani, kwa kuwa huko michezo ya vyuo imekuwa biashara kubwa, na watetezi wake wana nadharia kamili. Nadharia hiyo inasema kwamba uwanja unailisha maktaba: timu ikishinda, jina la chuo huvuma, matajiri hutoa michango, televisheni hulipa, na mwanafunzi wa fizikia au wa historia hufaidika. Nadharia hii ndiyo tunayotaka kuihakiki.

Kwanza, historia. Mwaka 1852 vijana wa Harvard na Yale walishindana kupiga makasia katika ziwa moja la jimbo la New Hampshire. Mashindano hayo, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo nchini humo, yaligharimiwa na kampuni ya reli iliyotaka kupata abiria. Basi mtaji haukuingia michezoni baadaye kama mgeni. Ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti ndefu ikieleza jinsi wachezaji walivyosakwa na kulipwa chini kwa chini. Ripoti ilisomwa, ikasifiwa, na mambo yakaendelea yale yale. Maovu yaliyomo ndani ya mfumo hayaondolewi kwa mahubiri.

Pili, hesabu. Chama kinachosimamia michezo hiyo, NCAA, kina vyuo wanachama wapatao 1,100. Kwa takwimu zake chenyewe, mwaka 1919 wala 1929 tusizungumzie. Tuchukue mwaka 2019 tu: ni vyuo 25 ambavyo idara zao za michezo zilipata mapato yaliyozidi matumizi. Vilivyobaki vyote vilitumia zaidi ya vilivyochuma. Pengo hilo huzibwa na mfuko mkuu wa chuo na ada ambazo wanafunzi hulazimika kulipa. Wengi wa wanafunzi hao husoma kwa mikopo. Mtoto wa mfanyakazi anakopa ili asome, na sehemu ya mkopo wake inakwenda kugharimia timu ambayo pengine hajawahi kuitazama. Kwa hiyo, katika vyuo vingi mno, si uwanja unaoilisha maktaba. Ni maktaba inayoulisha uwanja.

Hata pale penye ziada, ziada hiyo huzunguka humo humo. Hujenga viwanja vipya na kulipa makocha. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, si daktari, wala si mkuu wa chuo kikuu. Ni kocha wa mpira wa Kimarekani au wa mpira wa kikapu.

Tatu, na hapa ndipo penye ukinzani mkubwa, ni hali ya mchezaji mwenyewe. Katika miaka ya 1950 mchezaji mmoja wa chuo cha Colorado alifariki kwa kuumia kichwa uwanjani. Mjane wake akadai fidia, kama adaivyo mjane wa mfanyakazi yeyote. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikakataa: marehemu hakuwa mfanyakazi. Ni katika miaka hiyo hiyo NCAA ilipoeneza jina la “mwanafunzi-mwanamichezo”. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho kwa miaka mingi, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa kuvikinga vyuo na madai ya namna hiyo. Maneno nayo hutumika kama nyenzo: ukimwita mtu mwanafunzi, jasho lake huna haja ya kulilipa.

Lakini je, alikuwa mwanafunzi kweli? Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 kuhusu Chuo Kikuu cha North Carolina ulionyesha kwamba kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 walipewa alama katika masomo yasiyo na mihadhara wala usimamizi wa mwalimu, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Watu hao walinyimwa mara mbili: walinyimwa ujira kwa hoja kwamba wanapewa elimu, kisha wakanyimwa na elimu.

Jambo hili latuhusu. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wamepitia mlango huo. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyeshinda medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikimbilia chuo cha El Paso, Texas. Hatuwalaumu hata kidogo. Mlango ulifunguka, wakaingia. Tunachouliza ni kwa nini maskini afunguliwe mlango wa elimu kwa miguu yake tu. Tangu 1973 hadi 2012 msaada huo wa masomo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Mguu ukivunjika au kasi ikipungua, chuo kilikuwa huru kutouendeleza.

Wachezaji hawakunyamaza. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston. Juni 2025 yalithibitishwa maafikiano ya kesi ya House: malipo ya nyuma yapatayo dola bilioni 2.8, na ruhusa kwa kila chuo kugawia wachezaji hadi dola milioni 20.5 hivi katika mwaka wa kwanza. Huu ni ushindi, wala hatuubezi. Lakini hautatui swali letu. Kama fedha hizo zitatolewa kwa kupunguza mishahara ya makocha, ni haki. Kama zitatolewa kwa kupandisha ada za wanafunzi au kufuta michezo midogo, basi mnyonge mmoja atakuwa amelipwa kwa mfuko wa mnyonge mwingine.

Wapo watakaosema dawa ni kuifuta michezo. Watatutajia Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho chini ya Robert Hutchins kilifuta timu yake ya mpira mwaka 1939, na Desemba 2, 1942, chini ya majukwaa ya uwanja ule ule, wanasayansi wakaendesha mmenyuko wa kwanza wa nyuklia uliodhibitiwa. Tusiharakishe kuiita hadithi ya maktaba kuushinda uwanja. Kazi ile ilikuwa sehemu ya mpango wa kuunda bomu la atomiki. Elimu nayo ina mwenye kuiagiza, na haitakaswi kwa kuwa imefanywa na watu wasiocheza mpira. Tena Chicago kilirudisha mpira mwaka 1969, kwa kiasi, bila kununua wachezaji. Mwili wa mwanafunzi ni sehemu ya mwanafunzi.

Mfano bora zaidi ni Chuo cha Spelman cha Atlanta, cha wanawake weusi. Mwaka 2012 kilitambua kwamba karibu dola milioni moja kwa mwaka zinatumika kwa wachezaji wapatao 80, kati ya wanafunzi 2,100 hivi. Kikajitoa katika mashindano, na fedha kikazielekeza kwenye mazoezi na afya ya wanafunzi wote. Hakikuondoa michezo kwa ajili ya masomo. Kiliondoa maonyesho ya wachache kwa ajili ya michezo ya wengi.

Linganisha na Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham. Kilifuta timu ya mpira Desemba 2014 kwa sababu ya gharama. Kelele na ahadi za michango zikapanda, na kufikia Juni 2015 uamuzi ukabatilishwa. Timu ikarudi uwanjani 2017. Wenye fedha walikuwapo siku zote. Ila walijitokeza kwa ajili ya timu. Anayechangia ndiye anayechagua, na chuo kinachotegemea michango hakijitawali.

Kutokana na hayo tunatoa misimamo minne. Hesabu za michezo ziwe wazi kwa wanafunzi na walimu, nao wawe na kura. Fedha za chuo zianze kwenye michezo ya wote, ndipo zifikiriwe timu za mashindano. Ada ya mwanafunzi isigharimie maonyesho ya biashara. Na mchezaji ambaye jasho lake linaleta mapato apate sehemu yake ya haki, pamoja na elimu ya kweli isiyokatika mguu ukiumia.

Michezo na masomo si maadui. Ugomvi uliopo ni baina ya wanaotoa jasho na wanaolihesabu. Chuo kisichoweza kuonyesha vitabu vyake vya hesabu kwa wanafunzi wake, kiwe kimeshinda vikombe vingapi, kimeshindwa somo la kwanza.