Nani Alimpandisha Jimmy Kwenye Wavu?

Jumamosi moja hapa Makuyuni tuliweka picha ya zamani kwenye kibanda cha video: Fear Strikes Out, ya mwaka 1957. Haina rangi, na mchezo wenyewe ni besiboli, ambao hapa kwetu hakuna aujuaye. Kazi ya kutafsiri kwa sauti niliachiwa mimi. Jamaa mmoja nyuma akauliza, "Hii si rede ya wanaume?" Tukacheka. Baada ya nusu saa hakuna aliyecheka tena.

Kisa ni cha kweli. Jimmy Piersall aliichezea Boston Red Sox, na mwaka 1952, akiwa na miaka 22, akaugua akili hata akalazwa. Kitabu chake alichoandika na Al Hirshberg kilitoka 1955, ndicho kilichozaa picha hii. Mwongozaji ni Robert Mulligan, ikiwa picha yake ya kwanza ya sinema. Anthony Perkins ndiye stelingi. Karl Malden ni baba.

Sasa huyo Malden, bwana! Mwongozaji mvivu angetuletea baba wa mkanda na matusi. Huyu anatabasamu, anampenda mwanawe kabisa. Ila mtoto akileta habari njema, mzee kesha ipita, macho yako kwenye habari inayofuata. Ndiyo maana inatisha. Halafu inakuja ile sehemu: Jimmy anaupiga mpira mbali, anakimbia, lakini badala ya kushangilia na wenzake anaurukia wavu walikokaa watazamaji, anaupanda huku akimpigia baba yake kelele, amwambie kama sasa inatosha. Maneno hayo nilipaswa kuyasema mimi kwa Kiswahili. Na baba yangu alikuwa kwenye benchi la mbele.

Picha ilipokwisha ukawa ubishi. Mama mmoja muuza vitumbua alikata shauri pale pale: baba ndiye mkosaji. Vijana wa timu wakapinga, eti bila kusukumwa Jimmy angebaki mtaani. Mzee mmoja wa zamani wa mkongeni akawasikiliza wee, kisha akasema, "Mtu akiugua malaria, mbona hatuulizi kaletewa na baba gani?"

Swali hilo lingefaa liulizwe huku kwetu siku zote. Hospitali ya Lutindi iko milimani, wilaya hii hii ya Korogwe. Wajerumani walipaanzisha mwaka 1896 kulea watoto waliokombolewa utumwani, baadaye pakawa pa wagonjwa wa akili. Zaidi ya miaka mia tumekaa nayo jirani, na bado utotoni tulilitumia jina hilo kutaniana.

Na Piersall mwenyewe alikuwa upande wa mzee. Alikuja kuikataa picha hii, akasema imepotosha mambo na kumbebesha baba yake mno. Mama yake naye aliwahi kulazwa kwa maradhi ya namna hiyo. Hapo ndipo ninapoilaumu: nusu ya pili, kwa daktari, inageuka hesabu ya kutoa. Mtoe baba, mtoto kapona. Sisi chipukizi tunaoandika hadithi tunaupenda sana mtego huu, mkosaji awe mmoja ili kisa kifungike. Piersall alirudi uwanjani 1953, akacheza hadi 1967, na ugonjwa haukumwacha kwa sababu ya mazungumzo mazuri mawili matatu.

Lakini nami siwezi kumwunga mkono mzee moja kwa moja. Kaka yangu alikuwa golikipa. Kila mechi baba alisimama nyuma ya goli lake, hakosi. Mwaka alioitwa kufanyiwa majaribio na timu moja ya Tanga, kaka aliacha kulala. Wiki tatu. Leo ana bodaboda yake, anakunywa dawa zake, hajambo. Kwao hao wawili habari ya mpira haitajwi.

Ilipofika sehemu ya wavu niliona benchi la mbele lina nafasi. Nikamaliza kutafsiri, nikaacha ubishi unaendelea, nikamkuta baba kando ya barabara kuu anatazama mabasi.

"Kaka yako ameiona picha hii?"

"Bado, baba."

"Asiione." Likapita basi, na lori nyuma yake. "Au mwonyeshe. Lakini mimi nisiwepo."

Ninayo bado kwenye flashi.